Nani Alishika Ufunguo? Njia ya Waasisi Wasioona kutoka London hadi Gulu, na Swali la Lobule

Utangulizi

Katika vitabu vingi vya historia tunavyosoma, watu wasioona hutajwa kwa nadra, na wanapotajwa huwa wapokeaji. Wamejengewa shule, wamegawiwa fimbo nyeupe, wametibiwa macho. Ni vigumu kuwakuta kama watu walioanzisha jambo. Insha hii inawatazama kwa upande huo wa pili. Inafuata njia ya watu watatu wenye ulemavu wa macho, ambao kila mmoja alianzisha shirika la kuwahudumia wenzake, na ambao kazi zao zinaigusa Uganda kwa namna moja au nyingine: John Wilson wa Uingereza, Sabriye Tenberken wa Ujerumani na Ojok Simon wa Gulu. Kisha inaipeleka historia hiyo Lobule, katika wilaya ya Koboko, na kuuliza: mwasisi wa namna hii akitaka kutoka huko leo, atapita wapi?

Hoja yangu ni kwamba hakuna hata mmoja wao aliyefika kwa ujasiri peke yake. Ujasiri walikuwa nao, lakini kila mmoja alikuwa pia na mambo manne: elimu ya kusoma na kuandika, kazi aliyoijua vizuri, watu waliomwamini, na mamlaka au sheria iliyomfungulia mlango. Nasisitiza jambo hili kwa sababu habari za watu kama hawa husimuliwa kama miujiza. Muujiza hushangaza, lakini hauwezi kuigwa. Njia ikielezwa hatua kwa hatua, mwingine anaweza kuifuata.

Kuhusu jina

Sisi tunaosoma Kiswahili hatuwezi kuliruka suala la jina. Maneno kipofu, kiziwi, kiwete na kilema yote yako katika umbo la ki-/vi-, ngeli ya vitu. Ni kweli kwamba upatanisho wa kisarufi huyapandisha hadhi, kwani tunasema "kipofu anasoma" na si "kipofu kinasoma". Hata hivyo umbo limebaki, na wahusika wengi hupendelea kuitwa "wasioona" au "watu wenye ulemavu wa macho". Methali nayo ina mzigo wake. Tunaposema "mwenye macho haambiwi tazama", tunachukulia kwamba kujua ni kuona. Mtu aliyekulia katika lugha ya namna hiyo huambiwa tangu utotoni, bila mtu yeyote kukusudia ubaya, kwamba yeye ni mtu wa kuelezwa na si wa kueleza.

Mvutano huu ni wa zamani na haukuanzia kwetu. Louis Braille, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1809 na kupoteza uoni akiwa mtoto mdogo baada ya kuumia katika karakana ya baba yake, alibuni maandishi ya nukta nundu akiwa kijana, na kuyachapisha mwaka 1829. Alifariki mwaka 1852 kabla maandishi hayo hayajakubaliwa rasmi. Sehemu ya sababu ilikuwa kwamba walimu wanaoona waliona vyema wasioona wasome herufi zilezile za wanaoona, zilizoinuliwa juu ya karatasi. Walitafuta maandishi yanayopendeza macho ya mwalimu, ilhali Braille alitafuta yanayofaa kidole cha mwanafunzi. Mwaka 1868 huko London, daktari Thomas Rhodes Armitage, ambaye uoni wake ulikuwa umeharibika, alianzisha chama ambacho leo kinajulikana kwa kifupi kama RNIB. Alishikilia kwamba wanaoamua mambo ya chama wawe ni watu wasioona au wenye uoni hafifu. Kwa hiyo swali la nani ashike ufunguo wa nyumba lilikuwa limeulizwa mapema.

John Wilson na kuanza kwa elimu ya wasioona Uganda

John Wilson alizaliwa Nottingham mwaka 1919. Mwaka 1931, akiwa na umri wa miaka 12, mlipuko katika somo la kemia shuleni ulimpofusha macho yote mawili. Alipelekwa katika shule ya wasioona huko Worcester, kisha akasoma Chuo Kikuu cha Oxford. Baada ya hapo aliajiriwa katika taasisi ya kitaifa ya wasioona ya nchi yake. Mwaka 1946 alishiriki katika ziara ndefu ya kuchunguza hali ya wasioona katika makoloni ya Afrika na Mashariki ya Kati. Aliyoyakuta yalimfanya aone kwamba tatizo la huku ni tofauti na la kwao. Uingereza, wengi wa wasioona walikuwa wazee. Afrika, vijiji vizima vilikuwa vikipoteza uoni kwa magonjwa yanayoweza kuzuilika.

Mwezi Januari 1950 alianzisha chama cha wasioona cha Dola ya Uingereza, ambacho baadaye kilibadilishwa jina na leo kinaitwa Sightsavers. Alikiongoza hadi mwaka 1983. Yeye na mkewe Jean walikaa kwa muda katika kijiji cha Nakong, kaskazini mwa nchi ambayo sasa ni Ghana, mahali ambapo usubi ulikuwa umewapofusha watu wengi. Huko ndiko Jean alikouita ugonjwa huo "upofu wa mtoni", kwa kuwa nzi anayeueneza huzaliana katika maji ya mito yaendayo kasi. Jina hilo, rahisi kukumbukwa na mtu asiye daktari, lilisaidia kuupeleka ugonjwa mbele ya wenye fedha na madaraka.

Uganda inaingia hapa. Mwaka 1952 Gavana Andrew Cohen alimwalika Wilson aje kuangalia uwezekano wa kuanzisha elimu ya watoto wasioona. Kutokana na ziara hiyo uliundwa mfuko wa wasioona wa Uganda, na mwaka 1955 watoto wa kwanza walianza kusomeshwa Madera, Soroti. Mpaka leo ukimuuliza mtu asiyeona wa kizazi cha wazazi wetu alisomea wapi, huenda jibu likawa Madera.

Tukimpima Wilson kwa haki, tutaona pande mbili. Upande mmoja, alikuwa mtu asiyeona aliyekaa mezani na magavana, na hakukubali kwamba kazi ya asiyeona ni kuomba. Upande wa pili, meza ile ilikuwa ya wakoloni. Mwaliko ulitoka Entebbe, mpango ulitoka London, na wasioona wa Teso au West Nile hawakuulizwa wanataka nini. Kutooona kwake kulimpa maarifa ambayo magavana hawakuwa nayo, lakini uraia wake ndio uliompa mlango. Asiyeona wa Koboko wa mwaka 1952 alikuwa na la kwanza bila la pili.

Kutoka "kwa ajili ya" hadi "cha"

Baada ya uhuru, wasioona wa Afrika Mashariki walianza kuunda vyama vyao wenyewe. Kenya ilitangulia kidogo: chama cha wasioona cha nchi hiyo kiliundwa mwaka 1959. Tanzania ilifuata mwaka 1964 kwa Chama cha Wasioona, na Uganda ikapata chama chake cha kitaifa, UNAB, mwaka 1970. Tofauti iko katika kiunganishi. Shirika la Wilson lilikuwa "kwa ajili ya" wasioona, na hivi vilikuwa vyama "vya" wasioona. Mwenye kiti, mweka hazina na wanachama walikuwa ni wale wale wenye shida.

Mwaka 1987 vyama mbalimbali vya watu wenye ulemavu nchini Uganda viliungana chini ya mwavuli wa NUDIPU. Wakati wa kuandika Katiba ya mwaka 1995, walikuwa tayari wamejipanga. Matunda yake tunayaona: Bunge letu lina viti vitano vya wawakilishi wa watu wenye ulemavu, na kila baraza la serikali za mitaa, kuanzia wilayani hadi ngazi za chini, lazima liwe na mwanamke mmoja na mwanamume mmoja wenye ulemavu. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulipoanza mwaka 1997 kwa watoto wanne wa kila familia, mtoto mwenye ulemavu alipewa kipaumbele. Mwaka 2008 Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu.

Ninayataja haya kwa sababu mara nyingi historia ya waasisi husimuliwa kana kwamba mtu mmoja aliamka asubuhi akaanzisha shirika. Ojok Simon, tutakayemwona sasa, alikulia katika nchi ambayo tayari ilikuwa na vyama, viti na sheria. Havikutosha, lakini vilikuwapo.

Ojok Simon na nyuki wa Gulu

Ojok alikuwa mtoto wakati vita vilipokuwa vikiendelea kaskazini mwa Uganda. Alipigwa na askari, na majeraha yale yakaharibu macho yake. Uoni uliobaki ulikuwa kidogo sana. Katika jamii yake, kama katika jamii zetu za West Nile, mtoto wa namna hiyo hutarajiwa kukaa nyumbani na kulishwa.

Yeye alikwenda kwa nyuki. Kwa mtu asiyewahi kufuga nyuki jambo hili linaonekana kama mzaha, kwa hiyo inafaa kulieleza. Mfugaji wa nyuki hutegemea mambo mengi yasiyohitaji macho. Sauti ya mzinga hubadilika nyuki wanapokuwa watulivu, wanapokasirika na wanapojiandaa kuhama. Uzito wa sega huhisiwa mkononi. Sega lililojaa asali na kufunikwa kwa nta lina uso tofauti na lile lenye majana, na vidole huitambua tofauti hiyo. Mizinga yenye mapau ya juu, iliyoenezwa kutoka Kenya tangu miaka ya 1970, humruhusu mfugaji kuinua pau moja baada ya nyingine bila kuvunja mzinga wote. Asali nyingi huvunwa jioni au usiku, wakati ambapo hata anayeona haoni vizuri.

Ujuzi wa nyuki ulikuwa wake. Kilichougeuza kuwa shirika ni mafunzo. Sabriye Tenberken, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1970 na kupoteza uoni akiwa na umri wa miaka 12, alisomea lugha na utamaduni wa Tibet chuoni, akabuni nukta nundu za Kitibeti kwa sababu alizihitaji katika masomo yake mwenyewe, na mwaka 1998 akaanzisha shule ya watoto wasioona mjini Lhasa pamoja na mwenzake Paul Kronenberg. Baadaye wawili hao walifungua chuo kinachoitwa kanthari karibu na mji wa Trivandrum, kusini mwa India, kilichopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2009. Hapo watu waliopitia shida fulani hujifunza namna ya kuanzisha mradi wa kuikabili shida hiyohiyo: kuandika mpango, kutunza hesabu, kuzungumza mbele ya watu, kutafuta fedha. Ojok alipitia chuo hicho, na akaanzisha HIVE Uganda, shirika linalowafundisha wasioona na wenye uoni hafifu kufuga nyuki.

Mwaka 2017 alikuwa mmoja wa watu watatu wa kwanza kushinda Tuzo ya Holman, inayotolewa na shirika la wasioona la San Francisco, Marekani. Tuzo hiyo imepewa jina la James Holman, Mwingereza asiyeona wa karne ya 19 aliyezunguka dunia akiwa peke yake, na humpa kila mshindi hadi dola 25,000. Mpango wa Ojok ulikuwa kuwafundisha ufugaji nyuki watu 38 wasioona na wenye uoni hafifu. Idadi hiyo inaonekana ndogo mbele ya hesabu za mashirika makubwa. Lakini kila mmoja wa hao 38 ana nyumba, na katika nyumba hiyo kuna watu waliokuwa wakimhesabu kama mdomo tu wa kulishwa. Siku anayorudi na fedha za asali, nafasi yake pale nyumbani hubadilika.

Lobule

Lobule ni gombolola ya wilaya ya Koboko, pembe ambapo Uganda inakutana na Kongo na Sudan Kusini. Koboko ilikuwa sehemu ya Arua hadi ilipofanywa wilaya mwaka 2005. Tangu mwaka 2013 Lobule ina makazi ya wakimbizi kutoka Kongo. Wenyeji hawashangai neno mkimbizi. Baada ya kuanguka kwa serikali ya Idi Amin mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Sudan na Kongo, na hawakurudi hadi miaka kadhaa baadaye. Wakakwa wenyewe wanaishi katika nchi zote tatu. Kiswahili husikika huko kwa sababu mbili: kilikuja zamani na jeshi na biashara, na kimekuja upya na Wakongo.

Fikiria basi mtu asiyeona katika Lobule, mwenyeji au mkimbizi. West Nile ni miongoni mwa maeneo ya Uganda yaliyoteswa na usubi. Dawa ya ivermectin, ambayo kampuni ya Merck imekuwa ikiitoa bure tangu 1987, pamoja na mpango wa serikali wa kuutokomeza ugonjwa uliotangazwa 2007, vimepunguza sana hatari hiyo. Lakini dawa haimrudishii uoni aliyekwisha kuupoteza. Mtu huyo mara nyingi hutembea akiongozwa na mtoto aliyeshika ncha ya pili ya fimbo. Nimekulia Koboko na nimewaona watoto hao tangu nikiwa mdogo: wako sokoni saa ambazo wenzao wako darasani. Hapa ulemavu wa mtu mmoja huchukua elimu ya wawili. Fimbo nyeupe na majuma machache ya mafunzo ya kuitumia yangemrudisha mtoto shuleni, na ndiyo maana siwezi kuiona mada hii kama habari ya huruma tu.

Tukitumia yale mambo manne, tunaona pengo liko wapi. Mlango wa sheria upo: kikundi cha kijamii kinaweza kusajiliwa wilayani, kuna ruzuku maalumu ya serikali kwa vikundi vya watu wenye ulemavu, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Kazi ya kujua ipo pia, kwani West Nile inasifika kwa asali, na nyuki hawaulizi kitambulisho. Watu wa kumwamini wanaweza kupatikana, maana kila baraza lina wawakilishi wawili wenye ulemavu. Kinachokosekana zaidi ni cha kwanza, yaani kusoma na kuandika. Fomu za usajili ni za karatasi na za Kiingereza. Mtoto asiyeona akitaka shule yenye mwalimu wa nukta nundu, huenda akalazimika kwenda mbali na kulala huko. Na kulala mbali kuna hatari zake. Oktoba 2022 moto uliwaka usiku katika shule ya wasioona ya Salama, Mukono, na watu 11 wakafa, wengi wao watoto. Mzazi wa Lobule anayekumbuka habari ile ana sababu ya kusita kabla ya kumpandisha mwanawe basi.

Pingamizi

Msomaji anaweza kusema: kwa nini tumtafute mwasisi, wakati kumsomesha mtoto asiyeona ni wajibu wa serikali? Pingamizi hili ni zito, na nakubaliana na nusu yake. Shirika dogo haliwezi kuajiri walimu wa nukta nundu kwa wilaya nzima. Zaidi ya hayo, habari za waasisi hodari hutumiwa wakati mwingine kuwaambia wengine, "Mbona fulani aliweza?" Huko ni kumbebesha mlemavu mzigo wa serikali.

Lakini historia inaonyesha kwamba serikali hazikuamka zenyewe. Viti vya Bunge havikuja kabla ya vyama, vyama ndivyo vilivyovidai. Nukta nundu hazikutungwa na wizara. Mwasisi asiyeona hafanyi kazi ya serikali. Anaionyesha serikali kazi iliyo mbele yake, na anaionyesha kwa namna ambayo anayeona hawezi, kwa kuwa ndiye anayejua ni wapi njia ina shimo.

Hitimisho

Wilson alipata mlango kwa sababu ya uraia na elimu yake. Tenberken alijitengenezea maandishi aliyoyahitaji, kisha akawapa wengine. Ojok alikuwa na nyuki, akapata mafunzo, akawafundisha wenzake. Kadiri miaka ilivyokwenda, mwasisi amesogea karibu zaidi na kijiji: kutoka London, kupitia Lhasa na Trivandrum, hadi Gulu. Kutoka Gulu hadi Koboko si mbali tena.

Liko jambo moja lililo ndani ya uwezo wetu sisi wa Kiswahili. Uganda ni mwanachama wa Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao unaruhusu vitabu kugeuzwa kuwa nukta nundu au sauti kwa ajili ya wasioona bila kuvunja haki za mwandishi. Kiswahili ndiyo lugha ambayo mwenyeji na mkimbizi wa Lobule wanaweza kuzungumza bila mkalimani. Maelezo ya namna ya kusajili kikundi, mwongozo wa kufuga nyuki na vitabu vya kiada vinaweza kusomwa kwa sauti na kurekodiwa na wanafunzi wa idara moja katika muhula mmoja, vikasikilizwa kwenye simu ya kawaida yenye kadi ya kumbukumbu. Napendekeza tuanze na mkusanyiko huu wa insha, ili watu tunaowaandika waweze kutusahihisha.